Seli Hutoaje Mzigo Wake? Mbinu za Maabara za Kuchunguza Vifuko vya Seli



Harufu ya nyama choma ikikupitia puani saa saba mchana, mate hujaa kinywani hata kabla hujaiona hiyo nyama. Matatu ikikupigia honi kwa karibu, moyo hudunda mbio. Ukimaliza chai na mandazi, sukari hupanda katika damu, kisha baada ya muda hushuka yenyewe. Mambo haya matatu yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini ndani ya mwili kazi ni moja: seli fulani imetoa kitu ilichokuwa imekiweka akiba. Vimeng'enya vya mate, adrenalini na insulini, vyote vilikuwa vimefungwa ndani ya vifuko vidogo sana vikingojea amri.

Katika somo la Biolojia tunafundishwa kwamba kifuko husogea hadi kwenye utando wa seli, kikaungana nao, kikafunguka na kumwaga kilichomo nje. Tunaandika hivyo kwenye mtihani, tunapewa alama, tunaenda zetu. Lakini wacha niulize: ni nani aliyeona? Kifuko cha neva kina kipenyo cha kama sehemu 5 kwa 100 za maikromita moja, na maikromita yenyewe ni milimita moja iliyokatwa mara 1,000. Hadubini tunayotumia shuleni haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko maikromita 0.2 hivi. Isitoshe, kifuko cha neva hufunguka katika muda usiofika milisekunde moja baada ya amri kufika. Ukipepesa jicho mara moja tu, mambo yamekwisha zamani!

Jambo hili si la mchezo. Mtu mwenye kisukari ana shida katika utoaji au utendaji wa insulini. Mtoto mchanga akipata pepopunda, sumu ya ugonjwa huo hushambulia mtambo uleule wa kufungua vifuko. Asiyejua mtambo unavyofanya kazi atautengenezaje ukiharibika? Kwa hivyo katika makala haya tutaziangalia mbinu ambazo wanasayansi wametumia kukijua wasichoweza kukiona kwa macho.

1. Kupima maji yaliyo nje

Mbinu ya kwanza ni rahisi kueleweka. Huhitaji kuona mlango ukifunguka ili ujue watu wametoka. Hesabu walio nje. Mtafiti huchukua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, akaziweka katika maji yenye chumvi na joto sawa na la mwili, kisha akaongeza sukari. Baada ya kila dakika kadhaa yeye huchota yale maji na kuyapima yana insulini kiasi gani.

Taabu ni kwamba insulini hiyo ni kidogo mno. Ufumbuzi ulipatikana huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Rosalyn Yalow na Solomon Berson walipotumia kingamwili, yaani zile protini za mwili zinazokamata adui mmoja tu na kumwacha mwingine. Walitumia kingamwili zinazokamata insulini, pamoja na insulini iliyotiwa alama ya mnururisho, wakaweza kupima viwango vidogo ajabu. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1977; Berson alikuwa amefariki mwaka wa 1972.

Kwa njia hii iligunduliwa kwamba sukari ikipandishwa kwa ghafla, insulini hutoka kwa awamu mbili. Ya kwanza huja kwa kishindo na kwisha katika dakika chache. Ya pili hupanda polepole na kuendelea. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, ile awamu ya kwanza hufifia au hupotea kabisa. Kumbe hata maji ya kuchota tu yanaweza kusema mengi! Ila hayasemi kifuko kimoja kinafanya nini, kwa maana ni seli nyingi zimechanganya mazao yao.

2. Kufuata alama

Tuseme mwalimu wa zamu anataka kujua wanafunzi hupitia wapi kutoka langoni hadi bwaloni. Anasimama langoni kwa dakika tatu tu, na kila anayeingia katika dakika hizo anapakwa chaki mgongoni. Wanaofuata hawapakwi. Baadaye anatazama wenye chaki wako wapi: kwanza uwanjani, halafu madarasani, mwishowe bwaloni. Njia nzima imejulikana bila kumfuata hata mtu mmoja.

Hivyo ndivyo walivyofanya George Palade, mzaliwa wa Rumania, na wenzake kule New York katika miaka ya 1960. Walichukua vipande vya kongosho la simbilisi wakavipa asidi amino yenye mnururisho kwa muda wa dakika tatu, kisha wakaiondoa na kuvipa ya kawaida. Seli ziliitumia hiyo asidi kutengeneza vimeng'enya, kwa hivyo vimeng'enya vya dakika hizo tatu vikawa na "chaki". Vipande vilikatwa vyembamba, vikapakwa dawa inayofanana na ile ya filamu ya picha, na kila mahali palipokuwa na mnururisho pakatokea chembe nyeusi chini ya hadubini ya elektroni.

Mwanzoni chembe zilikuwa kwenye ile mikunjo yenye ribosomu. Baada ya dakika chache zikawa upande wa Golgi. Nusu saa ikipita zikawa katika vifuko vinavyoanza kukaza mzigo wake, na baada ya kama saa mbili zikawa katika vifuko vilivyokomaa karibu na ukingo wa seli. Ramani tunayoichora daftarini leo ilitoka hapo. Palade alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1974 pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

3. Vibaba vya chura

Kabla ya hapo, jijini London, Bernard Katz na Paul Fatt walikuwa wakisikiliza misuli ya chura. Walichoma sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele, pale neva inapokutana na msuli, wakaiunganisha na chombo cha kupima volti. Neva ilikuwa imetulia, haijapewa amri yoyote. Hata hivyo, vishindo vidogo vya umeme vilikuwa vikitokea mara kwa mara, kila kimoja kama nusu ya milivolti. Walichapisha habari hizo mwaka wa 1952.

Mwaka wa 1954 José del Castillo na Katz walipunguza kalsiamu katika maji na kuongeza magnesiamu, ili neva ikiamriwa itoe kidogo sana. Wakaona ajabu. Jibu la msuli lilikuwa sawa na kishindo kidogo kimoja, au viwili, au vitatu, au hakuna kabisa. Hapakuwa na kimoja na robo. Ni kama duka linalouza unga kwa kibaba: utapata kibaba kimoja au viwili, lakini mwenye duka hana kipimo cha nusu. Katz akasema kemikali ya neva hutolewa kwa vibaba, na hadubini za elektroni zilipoonyesha vifuko vimejaa katika ncha za neva, ilionekana wazi kwamba kifuko kimoja ndicho kibaba kimoja. Alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1970.

4. Kugandisha kwa ghafla

Lakini "ilionekana wazi" si ushahidi. Wapinzani walisema: tuonyesheni kifuko kikifunguka wakati uleule amri inapofika! Dawa za kuhifadhia seli hufanya kazi polepole. Kufikia wakati seli imekauka, kifuko kimekwisha kufunguka na kufungika.

John Heuser, Thomas Reese na wenzao walijenga mashine ya kujibu swali hilo. Kipande cha msuli wa chura kiliangushwa juu ya bonge la shaba lililopoozwa kwa heliamu ya maji, karibu nyuzi 269 chini ya sufuri. Milisekunde chache kabla ya msuli kugusa shaba, neva ilipigwa umeme. Uso wa msuli uliganda papo hapo, na kila kifuko kikabaki katika hali kilichokuwa nayo. Picha zao za mwaka wa 1979 zilionyesha vitundu vya vifuko vilivyoshikwa vikifunguka. Walipohesabu vitundu na kulinganisha na vibaba vilivyopimwa kwa umeme, hesabu zikakubaliana. Hapo wapinzani wengi wakakosa la kusema.

5. Kupima ngozi ya seli kwa umeme

Sasa tuje kwa wapenzi wa Fizikia. Utando wa seli ni kama kapasita: una mafuta yasiyopitisha umeme katikati, na maji yenye chumvi pande zote mbili. Kadiri eneo la utando linavyokuwa kubwa, ndivyo kapasitansi inavyokuwa kubwa. Kifuko kikiungana na utando wa nje, ngozi yake huongezwa kwenye ngozi ya seli, kama kiraka kinachoshonwa kwenye hema. Basi ukiweza kupima kapasitansi, utajua kila kifuko kinapojiunga.

Mwaka wa 1982 Erwin Neher na Alain Marty walifanya hivyo kwa seli za tezi iliyo juu ya figo ya ng'ombe, zile zinazotoa adrenalini. Bomba jembamba la kioo hugandishwa kwenye seli moja kwa kunyonya kidogo, likashika kabisa bila kuvuja. Mbinu hiyo ya bomba, aliyoianzisha Neher pamoja na Bert Sakmann mwaka wa 1976, ndiyo iliyowapa wawili hao Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1991.

Hebu tufanye hesabu. Maikromita mraba moja ya utando ina kapasitansi ya femtofaradi 10 hivi. Femtofaradi moja ni faradi moja iliyogawanywa kwa milioni, kisha kwa bilioni. Kifuko chenye kipenyo cha maikromita 0.3 kina eneo la 3.14 × 0.3 × 0.3, yaani 0.28. Kapasitansi yake ni femtofaradi 2.8. Seli nzima yenye kipenyo cha maikromita 15 ina eneo la kama 707, hivyo ina femtofaradi 7,070. Kifuko kimoja basi huongeza sehemu moja tu kwa 2,500. Kuipata tofauti hiyo kunataka vyombo vitulivu mno. Hata mtikisiko wa mtu anayepita mlangoni unaweza kuharibu kipimo, ndiyo maana vyombo hivi huwekwa juu ya meza inayoelea kwa hewa.

6. Uzi wa kaboni

Kapasitansi inakuambia kifuko kimejiunga, lakini haikuambii kimemwaga nini. Mwaka wa 1991 Mark Wightman na wenzake waliweka uzi wa kaboni, wenye unene wa maikromita chache, ukingoni mwa seli moja ya adrenalini. Uzi huo ulipewa volti ya kutosha kuipokonya adrenalini elektroni zake. Kila molekuli inayogusa uzi huacha elektroni mbili. Kila kifuko kikifunguka, chombo huchora mchomo mmoja mkali wa mkondo wa umeme.

Eneo lililo chini ya mchomo ni chaji. Tuseme ni pikokulombi 1, yaani kulombi moja iliyogawanywa kwa trilioni. Elektroni mbili zina chaji ya kulombi 3.2 × 10⁻¹⁹. Gawanya, utapata molekuli kama milioni 3.1. Fikiria hayo! Kifuko usichoweza kukiona, na mizigo yake imehesabiwa kama maembe gengeni.

Zaidi ya hayo, baadhi ya michomo hutanguliwa na kilima kidogo, kama mguu. Maelezo ni kwamba mlango wa kifuko hufunguka kwanza kidogo, adrenalini ikavuja, halafu ndipo ukapanuka. Kwa hiyo kufunguka si tukio moja bali ni hatua.

7. Taa ndani ya kifuko

Ndani ya kifuko kuna asidi, pH kama 5.5. Nje ya seli ni 7.4. Mwaka wa 1998 Gero Miesenböck, Dino De Angelis na James Rothman waliirekebisha protini ya kijani inayong'aa, ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini, ikawa inazimika kwenye asidi na kuwaka asidi ikitoweka. Seli ikipewa maagizo ya kuitengeneza protini hiyo ndani ya vifuko, vifuko hukaa gizani. Kimoja kikifunguka, asidi hutoka na taa huwaka. Kikirudishwa ndani na kujazwa asidi tena, taa huzimika.

Kuna hila nyingine inayotumia mwanga uliozuiwa. Wanaosoma Fizikia wanajua kwamba mwanga ukiupiga mpaka wa kioo na maji kwa pembe kubwa, hurudi wote ndani ya kioo. Lakini kiasi kidogo sana cha mwanga hujipenyeza upande wa pili kwa kina cha maikromita 0.1 hivi, kisha hufifia. Seli ikilala juu ya kioo hicho, huangazwa sehemu yake ya chini kabisa tu, pale penye vifuko vilivyokaribia utando. Ndani kote kunabaki giza. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameweza kukitazama kifuko kimoja kikisogea, kikitia nanga na kumwaga mzigo.

8. Kuharibu ili kujua

Mbinu zote hizo zinatuambia nini hutokea na lini. Je, nani anafanya kazi yenyewe? Hapa jibu lilitoka kwenye hamira, jamaa ya ileile tunayotilia mandazi. Peter Novick na Randy Schekman, huko California, walitafuta hamira zilizoharibika jeni moja, zinazokua vizuri kwenye nyuzi 25 lakini zikishindwa kutoa mizigo zikipelekwa kwenye nyuzi 37. Seli iliyoziba hujaa mizigo ikawa nzito kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo huzama chini zaidi zikizungushwa kwa kasi. Kwa hila hii, kufikia mwaka wa 1980 walikuwa wamepata jeni 23. James Rothman naye alizivunja seli na kuifanya safari ya vifuko iendelee ndani ya kijaribio, akiongeza na kupunguza protini moja moja. Mwaka wa 1993 kundi lake lilitoa katika ubongo wa ng'ombe protini zinazoitwa SNARE. Baadhi hukaa kwenye kifuko, nyingine kwenye utando. Zikikutana hujisokota pamoja kama zipu, zikavuta tando mbili hadi zikaungana. Thomas Südhof alionyesha ni protini gani huihisi kalsiamu na kutoa ruhusa. Watatu hawa, Schekman, Rothman na Südhof, walituzwa Nobel mwaka wa 2013.

Na pepopunda je? Mwaka wa 1992 ilijulikana kwamba sumu yake ni mkasi unaokata protini mojawapo ya zipu hiyo. Hufanya hivyo katika neva zinazotuliza misuli. Neva hizo zikinyamaza, misuli hukaza bila breki, taya zikafunga. Kumbe tangu zamani bakteria ilikuwa inaujua mtambo huu kabla yetu! Ndiyo maana mama mjamzito huambiwa asikose chanjo yake kliniki, na kitovu cha mtoto kikatwe kwa wembe safi: sumu ikishakata zipu, hakuna dawa ya kuishona, mwili lazima utengeneze nyingine.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Ni mbinu gani bora? Hakuna. Kapasitansi hupima ngozi iliyoongezwa ukitoa iliyorudishwa ndani. Vifuko vitano vikijiunga na vitano vikirudi wakati mmoja, chombo kitasema hakuna kilichotokea. Uzi wa kaboni huihisi adrenalini, lakini hauihisi insulini vyema, hata watafiti hulazimika kuzilisha seli za kongosho serotonini kwanza ili michomo ionekane. Taa ya kijani huonyesha mlango umefunguka, lakini haihesabu molekuli. Barafu huonyesha umbo lakini huua seli. Ndiyo sababu watafiti hutumia mbinu mbili au tatu kwa pamoja. Zikikubaliana, tunasadiki, zikipingana, tunarudi maabarani.

Nawe msomaji, ukiambiwa jambo darasani, usiogope kuuliza: lilijulikanaje? Swali hilo si utovu wa adabu kwa mwalimu. Ndilo lililoijenga sayansi yenyewe, na kama ulivyoona, linaulizika na kujibika kwa Kiswahili bila wasiwasi.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Palade aliwapa seli asidi yenye mnururisho kwa dakika tatu tu, wala si siku nzima?
2. Eleza jinsi kupunguza kalsiamu kulivyomsaidia Katz kuvitambua "vibaba".
3. Kifuko kina kipenyo cha maikromita 0.8. Kikijiunga na utando, kapasitansi itaongezeka kwa kiasi gani?
4. Mchomo mmoja wa adrenalini una chaji ya pikokulombi 2.4. Ni molekuli ngapi zilizogusa uzi?
5. Mtafiti anaona kapasitansi imepanda lakini uzi wa kaboni haukuonyesha mchomo wowote. Taja sababu mbili zinazowezekana.

Majibu ya hesabu: swali la 3, kama femtofaradi 20, swali la 4, molekuli milioni 7.5. Hayo mengine jadilianeni katika chama.